Uso Mdogo Ndani ya Bilum: Siku Nane Sepik

Siku ya 1, Port Moresby

Baba yangu alichonga vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki hata kimoja alichojichongea mwenyewe. Vyote vilikuwa vya mgeni, kama si wa leo basi wa kesho. Mimi nilivipiga msasa nikitoka shule, nikavipaka rangi ya viatu ili mti mweupe ufanane na mpingo.

Mwaka jana, katika makumbusho moja ya huku Australia ninakofanya useremala, nilisimama mbele ya kabati lenye nyuso ndogo za mbao. Kubwa yao haikuzidi kiganja, ndogo yao ilikuwa sawa na kidole gumba. Pua zilishuka mpaka kidevuni kama mdomo wa ndege, macho yamefinywa, na pembeni au juu ya paji kulikuwa na matundu ya kupitishia uzi. Kibandiko kilisema ni hirizi, kutoka sehemu za chini za mto Sepik, New Guinea. Nikazitazama kwa jicho la fundi. Mng'ao wake haukuwa wa rangi wala wa msasa. Zilikuwa zimeng'arishwa na mikono ya watu. Nilirudi pale mara tatu, kisha nikaanza kuweka akiba ya nauli na kujifunza Tok Pisin, lugha inayowaunganisha watu wa huko.

Leo nimetua Port Moresby, mji mkuu wa Papua New Guinea, safari ya saa tatu kutoka Brisbane, nikaenda Waigani kwenye Makumbusho ya Taifa, jengo lililofunguliwa mwaka 1977, miaka miwili baada ya uhuru. Si mbali na hapo lipo Bunge la mwaka 1984, paa lake limeinuka kwa mbele kama haus tambaran, nyumba ya mizimu ya watu wa Maprik. Nimefurahi kuona nchi yenye lugha zaidi ya 800 imekubali kukutana chini ya paa la namna hiyo.

Mama mmoja mtumishi wa makumbusho alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba wageni huanza na kinyago kikubwa, kile kinachochezwa, wakadhani kidogo ni mfano wake, kama mwanasesere alivyo mfano wa mtoto. Sepik ya chini hawahesabu hivyo. Uso ni wa mzimu, na mzimu haupimwi kwa futi. Uso ule ule unaokaa katika nyumba ya wanaume ndio unaoingia katika bilum, mfuko wa kamba zilizosokotwa kwa mkono, mwanamume anapokwenda kuwinda, au zamani alipokwenda vitani, au alipovuka maji kwenda kufanya biashara na watu asiowaamini. Kikubwa hubaki kulinda nyumba. Kidogo hufuatana na mtu.

Akanieleza pia habari za marupai za Ghuba ya Papua, huko kusini: nazi ndogo ya kujaa kiganjani, imechongwa uso wenye kinywa, ndani imetolewa yote na kujazwa magome na dawa. Hiyo niliielewa mara moja. Hirizi ya kwetu pwani ni ngozi iliyoshonwa, ndani yake karatasi ya aya au kitu alichokijua mganga, na nguvu yake imo katika kilichofichwa. Lakini uso wa Sepik hauna ndani. Ni mti mtupu toka mbele hadi nyuma, na nguvu yake sijui niitafute wapi. Nimelala na swali hilo.

Siku ya 2, Wewak

Siku ya kungoja gari. Mchana nilikwenda Cape Wom, ambako Jenerali Adachi wa Japani alisalimu amri tarehe 13 Septemba 1945. Ni uwanja wa majani na bahari tulivu, na nilikuwa peke yangu.

Sokoni wanauza buai, yaani popoo, pamoja na daka, kitawi kirefu cha kijani wanachokitumia pale sisi tunapotumia jani la tambuu, na kambang, chokaa ya makombe yaliyochomwa. Nilipochovya daka kwenye chokaa bila kufundishwa, mama muuzaji alipiga makofi. Nikamwambia bibi mzaa mama yangu, wa Kilwa, alikuwa na kijaluba cha tambuu ambacho hakuna mjukuu aliyethubutu kukigusa. Akaniuliza bibi yangu ni wantok wa nani huku, yaani ni mtu wa lugha moja na nani. Sikuwa na jibu, ila nilipenda swali.

Siku ya 3, Angoram

Saa nne nyuma ya lori, juu ya magunia ya mchele, katika vumbi jekundu na nyasi ndefu za kunai. Kisha barabara ikaishia mtoni.

Wajerumani waliuita mto huu Kaiserin-Augusta-Fluss, katika miaka ile ile waliyotawala kwetu. Mwaka 1912 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulipanda na kushuka mto huu ukikusanya vitu kwa maelfu. Kwa hiyo nyuso za wazee wa hapa na vitu vya wazee wetu vimelala miaka mia katika mji mmoja wa ugenini, pengine rafu kwa rafu. Kiswahili kilibaki na neno shule. Tok Pisin ilibaki na raus, toka! Jioni hii nimemsikia mama akimfukuza mbwa jikoni kwa neno hilo.

Chini ya nyumba moja ya nguzo nilimkuta mchongaji wa rika langu. Tuliamkiana, nikamwomba anionyeshe tezo yake. Ni bapa la chuma lililofungwa kwa kamba kwenye mpini wenye kiwiko. Uzito wake wote uko mbele, kama ya baba. Kabla ya chuma, alisema, wazee walitumia shoka la jiwe, kombe lenye makali na jino la ngiri, na kazi ya siku moja ya leo iliwachukua wiki. Kisha akachukua jani kavu kutoka kwenye kikapu akaanza kusugua shavu la kinyago. Nililiomba lile jani nikalipitisha kwenye kucha yangu. Lilikwaruza. Watu wangu, ilikuwa msasa! Sina maana ya karatasi ya dukani. Nina maana ya mti wenyewe, msasa wenye majani makavu ya kukwaruza, ambao mafundi wetu waliutumia mpaka jina lake likahamia kwenye karatasi ya kiwandani. Nilikuwa nimetamka neno hilo maisha yangu yote bila kuufikiria mti. Nilikaa na jani lile mkononi kwa muda, na mwenzangu akaniacha.

Alikuwa na nyuso ndogo sita kwenye mkeka. Nikachagua moja yenye urefu wa kidole cha kati, ya mti mwepesi, nyekundu ya udongo kwenye mashavu na chokaa kwenye macho. Nikamuuliza ni uso wa nani.

"Em bilong salim tasol," akasema. Hiki ni cha kuuza tu.

Akanieleza bila kificho. Umbo ni la Murik, pwani karibu na mdomo wa mto, pua na paji ni vya kule, lakini macho ameyageuza kwa makusudi. Kila uso una wenyewe, ukoo wenye haki nao. Akiuchonga sawasawa ulivyo bila ruhusa yao, watakuja kuuliza, na hawataondoka bila fidia. Kwa hiyo anaharibu jambo moja, ili uso usiwe wa mtu yeyote. Nilimwambia kwamba Mwenge hakuna aliyewahi kuja kumuuliza baba yangu uso huu ni wa nani. Akainua macho kwenye tezo yake akasema, "Sori tru." Pole sana. Hakuwa akinikejeli. Alinionea huruma, na huruma ile ilinichoma zaidi ya nilivyotarajia.

Nilimlipa kina 50, fedha ya huku. Noti yake ina picha ya Sir Michael Somare, waziri mkuu wa kwanza, aliyefariki mwaka 2021. Ukoo wake ni wa Karau, kijiji cha maziwa ya Murik, huko huko ninakokwenda kesho.

Siku ya 4, mtoni

Mtumbwi wa mti mmoja, mrefu kama basi, na injini nyuma. Sepik una urefu wa zaidi ya kilomita 1,100 na maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Visiwa vya majani vinaelea juu yake, vingine na korongo wamesimama juu kama abiria.

Nahodha wetu alizungumza kwa kelele za injini. Dada yake anaishi juu, upande wa Ambunti, na nyumba yake ilianguka tarehe 24 Machi 2024, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipopiga wakati mto umeshafurika, nyumba zikaanguka majini. Alipomaliza kusimulia alitia mkono ndani ya bilum yake, akagusa kitu, akautoa. Nikadhani nimeona nilichokifuata. Baadaye tulipopita chini ya misheni ya Marienberg akatia mkono tena, akakitoa, na kilikuwa rozari. Nilimuuliza kama baba yake alibeba rozari. Akasema baba yake alibeba rozari na kingine. Yeye kingine hakukirithi. Kaka yake mkubwa ndiye anacho, na hakuna anayekiona.

Kabla ya mdomo wa mto tuliingia vijito vya mikoko, vyembamba, maji meusi, mizizi juu kama vidole. Kama umewahi kupita delta ya Rufiji unapajua mahali hapa. Mbu pia ni wale wale. Tulifika giza limeingia.

Siku ya 5, Murik

Kijiji kimekaa juu ya ukanda wa mchanga, bahari mbele, ziwa la mikoko nyuma. Unaweza kusimama katikati ukasikia maji ya pande zote mbili. Bahari inaula mchanga huo. Minazi ya ukingoni imelala kifudifudi, na nguzo za nyumba za zamani zimebaki ndani ya mawimbi. Ardhi ya kulima karibu hakuna. Wanawake wanavua samaki na kuokota kombe kwenye matope, wanasuka vikapu vinavyosifika pwani yote hii, na vitu hivyo vinabadilishwa kwa saksak, unga wa sago, kwa marafiki wa biashara wa bara, na kwa vyakula vya visiwani. Watu wa namna hii lazima wasafiri. Nikaanza kuelewa kwa nini uso wao unahitaji kuwa mdogo.

Mwenyeji wangu ni mzee ambaye kijiji kizima kinamwita Bubu, yaani babu. Kwetu bubu ni asiyesema, na kwa siku nzima ya kwanza jina hilo lilimfaa katika lugha zote mbili. Alizaliwa wakati wa vita. Miaka yake hasa hana haja ya kuihesabu. Nilimpa heshima kwa tumbaku na mchele, tukatafuna buai, jua likapanda, jua likashuka.

Jioni nikamtolea kinyago cha Angoram. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye pua, akakinusa.

"Gutpela han," akasema. Mkono mzuri. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna mtu humu.

Nikasema sijui.

"Nogat," akajibu mwenyewe. Hakuna. Akamkabidhi mjukuu wake, mtoto wa kike wa kama miaka miwili aliyekuwa akitambaa miguuni petu. Mtoto akatia pua ya kinyago mdomoni akaanza kuitafuna. Mama yake alipita na sufuria, akatazama, akaendelea na safari yake. Usiku kililala chini ya ngazi pamoja na kandambili.

Siku ya 6

Mvua. Bubu hakutoka. Nilikaa na mkwewe akisokota uzi wa bilum: nyuzi mbili za gome anazibiringisha juu ya paja, kiganja kinakwenda mbele na kurudi, na uzi mmoja unatoka. Alinipa nijaribu. Uzi wangu ulifumuka.

Chakula: chapati nyeupe ya sago iliyochomwa juu ya kigae, na samaki wa moshi. Ni chakula cha kushibisha kweli.

Siku ya 7

Leo sitaandika yote, kwa sababu niliahidi.

Baada ya chakula cha jioni Bubu alisema neno moja, na nyumba ikabadilika. Mkwewe alikusanya vyombo akatoka. Watoto waliondolewa, yule mdogo akiwa bado ameng'ang'ania kinyago changu. Tulibaki Bubu, mpwa wake aliyenisaidia penye maneno magumu, na mimi. Simu niliiweka nje juu ya ngazi, pamoja na kalamu.

Akainuka mwenyewe, akakataa kushikwa mkono, akashusha kutoka darini bilum ndogo iliyokuwa nyeusi kwa moshi. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kitambaa kingine. Aliufunua uso ule juu ya goti lake, ukimtazama yeye, si mimi.

Umbo lake sitalieleza. Nitasema ya fundi tu. Ncha ya pua ilikuwa imevunjika zamani, na mvunjiko wenyewe ulikuwa umelainika. Jicho moja lilipita lingine kwa ukubwa. Pale Mwenge baba angekitupa kwenye kuni. Alama za tezo hazikuonekana tena. Tundu la juu ya paji lilikuwa limelika na uzi mpaka likawa refu kwenda juu, kama mdomo wa kisima cha mawe unavyolika na kamba ya ndoo. Hilo haliigiziki. Nimeona ujanja mwingi wa kuzeesha mti, na mwingine nimeufanya kwa mikono hii, lakini tundu lile lilihitaji mtu kutembea nalo maisha yake yote.

Wenyewe wanaita mizimu hiyo brag. Kila brag ina jina lake, na jina lina ukoo wake. Bubu aliinamisha kichwa akasema na uso ule kwa Kimurik, polepole, kama unavyomwamsha mgonjwa. Mpwa wake alitazama chini. Katika maneno yale lilikuwamo jina, na mimi sikulijua lilipopita.

Kisha akaniambia, kwa Tok Pisin, habari za baba yake. Kila alipotaka kuondoka, kwenda visiwani au kuwinda nguruwe, aliutoa uso, akauita kwa jina na kuuambia: nakwenda mahali fulani, nitapita kwa fulani, nitalala kwa fulani. Hakuuomba. Aliuambia, kama unavyomwambia mwenzako wa safari, ili naye ajue njia. Wajapani walipokuja, watu walikimbilia kwenye mikoko, na baba yake alibeba vitu viwili, mtoto na bilum. Mtoto ndiye Bubu.

"Em i save lukautim mipela," akasema. Ndicho kinachotutunza.

Nikamuuliza lile swali langu la siku ya kwanza, nikiogopa kukosea adabu: sisi hirizi yetu ina kitu ndani, nanyi je? Alifikiri. Akagonga kinyago kwa ukucha, kikatoa sauti kavu ya mti mtupu. Kisha akagusa kinywa chake mwenyewe.

Nikaelewa, au nadhani nilielewa, kwa nini alimpa mtoto kile cha kwangu bila wasiwasi. Hakuna aliyekuwa amekiita. Na nikaelewa hofu iliyokuwa katika sauti yake alipoanza kumtaja mjukuu wake wa kiume, anayefanya kazi bandarini Port Moresby. Yeye ndiye wa kupokea. Ameahidi kuja Krismasi mbili zilizopita. Jina halipelekwi kwa simu, alisema Bubu. Linataka mdomo na sikio, na uso katikati. Mti utabaki hata yeye akifa. Mti si shida.

Akaufunga tena: kitambaa, kitambaa, bilum, darini. Kisha, ameshaketi, akauliza kama baba yangu naye aliniachia uso. Nikamweleza Mwenge. Nikamweleza kwamba Wamakonde wana mapiko, vinyago vya kichwani vinavyochezwa wakati wa jando na unyago, na kwamba babu yangu kule Newala alivicheza, lakini baba alihamia mjini akiwa kijana na kuanzia hapo akachonga vya kuuza. Alikuwa na mkono mzuri, nilisema. Mzuri sana. Bubu akasema anaamini. Akanimenyea buai, ile laini ya katikati ya kichala, akanipa.

Siku ya 8

Tuliondoka alfajiri ili tuwahi maji kujaa kwenye vijito. Nilikuwa nimekusudia kukibeba kinyago cha Angoram. Ni kipya, makumbusho yasingekuwa na neno juu ya kukitoa nchini. Nilikitafuta chini ya ngazi sikukiona.

Yule mtoto alikuwa ufukweni na mama yake. Mtu alikuwa amempitishia uzi kwenye matundu ya kinyago, uzi wangu wa juzi, niliutambua kwa jinsi ulivyofumuka, na alikuwa akikiburuta mchangani nyuma yake akikizungumzia kwa lugha yake ya miaka miwili. Mama yake alitaka kumnyang'anya anirudishie. Nikasema hapana, mwache.

Nahodha aliwasha injini. Bubu alikuwa amesimama mlangoni, bilum ya kila siku begani, ile kubwa ya buai na tumbaku. Hakupunga mkono. Midomo yake ilikuwa ikienda, na sikuweza kusikia alikuwa akisema na nani.